Mashine pepe na saa yake: kwa nini kompyuta iliyo ndani ya kompyuta hupotea wakati

Jua huzama Morogoro Mjini takriban dakika 6 baada ya kuzama Dar es Salaam. Miji hii miwili iko karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, lakini Morogoro iko magharibi zaidi kwa nyuzi moja na nusu na ushei za longitudo, na kila uzi mmoja ni dakika 4 za jua. Ndiyo maana katika mwezi wa Ramadhani redio ya hapa mjini haiwezi kuchukua adhana ya magharibi ya Dar es Salaam na kuirusha kama ilivyo. Mfungaji wa Kihonda au Mafiga angefuturu jua likiwa bado halijatua.

Dakika hizo 6 zinajulikana na zimo kwenye ratiba. Kosa gumu zaidi ni lile lisiloandikwa popote, yaani kosa la saa yenyewe inayoisoma ratiba. Siku hizi adhana, mlio wa kutimia kwa saa, tangazo la biashara na muziki wa kufungulia taarifa ya habari havirushwi na mtu aliyekaa studio akitazama saa ya ukutani. Vinarushwa na programu. Programu huiuliza kompyuta ni saa ngapi, na jibu lolote inalopewa inaliamini. Na kompyuta inayoulizwa, kila mwaka zaidi ya uliopita, si sanduku la chuma lililo chini ya meza. Ni mashine pepe.

Katika makala haya tunaeleza mashine hiyo huijuaje saa, kwa nini huipoteza, na wasimamizi wa mifumo hufanya nini ili isiipoteze. Tunaanzia redioni kwa sababu ndiko tuliko, lakini jambo lenyewe linaigusa pia ofisi inayotoa risiti, chuo kinachoendesha mitihani kwa mtandao, na SACCOS inayoandika saa ya kila muamala.

Mwenyeji na wageni wake

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu. Unachukua seva moja yenye nguvu, unaweka humo programu inayoitwa haipavaiza, nayo inaigawa seva hiyo katika kompyuta kadhaa zinazojitegemea. Kila moja ina mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na anwani yake ya mtandao, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Seva yenyewe huitwa mwenyeji, na zile zilizo ndani yake huitwa wageni.

Faida yake kwa mji kama huu ni rahisi kuiona. Badala ya kupoza chumba chenye seva tano katika joto la Desemba, unapoza seva moja. Badala ya kununua betri za akiba tano, unanunua moja. Mgeni mmoja akiharibika, unamrudisha kutoka kwenye nakala bila kuwagusa wengine. Na wale wasiotaka kutunza seva kabisa hukodi wageni kwenye vituo vya data vya Dar es Salaam au nje ya nchi, na kuwafikia kwa intaneti.

Mgeni amepewa kila kitu kwa kuazimwa: kichakato, kumbukumbu, diski. Na saa pia ameazimwa. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu kichakato kinaweza kugawanywa kwa zamu bila mtu kuhisi, lakini wakati haugawanyiki kwa zamu.

Kompyuta ya kawaida huijuaje saa

Ndani ya kompyuta ya kawaida mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi. Fuwele hiyo ikipitishiwa umeme hutetemeka kwa kasi karibu isiyobadilika. Ile ya saa ndogo inayolindwa na betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, sawa na iliyo ndani ya saa nyingi za mkononi. Hiyo ndiyo saa inayoendelea kutembea kompyuta ikiwa imezimwa, na betri yake ikifa utaona kompyuta ikiwaka na tarehe ya miaka iliyopita.

Kompyuta ikishawaka, mfumo wa uendeshaji huisoma saa hiyo mara moja, kisha huendelea kuhesabu wenyewe. Zamani ulihesabu vipigo: chombo fulani ndani ya kompyuta kiliugongea kichakato mara 100, au 250, au 1,000 kwa sekunde, na kila kipigo kiliongeza kiasi fulani kwenye saa.

Hata bila mashine pepe, hesabu hii si kamili. Kosa la sehemu 20 kwa milioni ni la kawaida kwa fuwele ya bei nafuu. Kwa siku hilo ni kama sekunde 1.7, na kwa mwezi sekunde 52. Fuwele hubadilika pia kwa joto, kwa hiyo seva iliyo katika chumba ambacho kiyoyozi huzimwa usiku haitembei sawasawa na ile iliyo katika chumba chenye ubaridi mmoja saa zote.

Vipigo visivyofika

Sasa mweke mgeni ndani ya mwenyeji. Mgeni anategemea kugongewa mara 1,000 kwa sekunde. Lakini mgeni hayuko kwenye kichakato muda wote. Anakaa kidogo, anapisha wenzake, anarudi. Vipigo vilivyotakiwa kumfikia wakati hayupo vinamngoja mlangoni. Haipavaiza nzuri humletea vyote kwa mkupuo akirudi, na kwa kitambo kidogo saa yake hukimbia ili kufidia. Isiyofanya hivyo huviacha vikapotea, na saa ya mgeni hubaki nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwenyeji mwenye wageni kumi wa aina hiyo alitakiwa kugonga mara 10,000 kila sekunde hata kama wageni wote hawakuwa na kazi yoyote. Saa za mashine pepe za enzi hizo zilikuwa maarufu kwa kuchelewa dakika nzima kwa siku.

Tatizo hilo kwa sehemu kubwa limekwisha. Mifumo ya leo haihesabu vipigo. Inasoma kaunta iliyo ndani ya kichakato, ambayo huongezeka kwa kasi moja hata kichakato kikiwa hakina kazi. Na kwenye haipavaiza ya KVM inayotumika sana na Linux, mwenyeji humwandikia mgeni habari za saa kwenye kipande cha kumbukumbu wanachokisoma wote wawili. Mgeni akitaka saa, anasoma kaunta, anaiweka kwenye hesabu aliyoandikiwa, anapata jibu. Njia hiyo huitwa kvm-clock, na Hyper-V ya Microsoft ina yake inayofanana nayo. Tunalisema hili kwa kuwa maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni ni ya enzi ya vipigo. Fundi anayeyafuata leo anaweza kuharibu kitu ambacho hakikuwa na ubovu.

Usingizi

Kilichobaki ni usingizi, na ndicho kinachowapata watu wengi hadi leo.

Mgeni anaweza kusimamishwa. Anaweza kusimamishwa kwa makusudi, ili achukuliwe picha ya hali yake kabla ya kuwekewa programu mpya. Anaweza kusimamishwa ili ahamishwe kutoka seva moja kwenda nyingine, na hapo kusimama kwenyewe ni kwa sehemu ya sekunde tu kama mambo yakienda vizuri. Au umeme umekatika, betri ya akiba imebakiza kidogo, na mwenyeji amepangiwa kuwalaza wageni wote salama kwenye diski kabla ya kuzima. Umeme ukirudi baada ya nusu saa, wageni wanaamshwa.

Kompyuta ya kawaida iliyozimwa na kuwashwa hujua kwamba ilizimwa. Itaisoma saa ya betri upya. Mgeni aliyelazwa na kuamshwa hajui. Kwake sekunde iliyofuata ni ileile iliyotakiwa kufuata, na programu zake zote zinaendelea na sentensi zilizokuwa zimeishia katikati. Saa yake iko nyuma kwa nusu saa, naye hana kitu chochote ndani yake cha kumwonyesha hivyo. Aliyerudishwa siku ya Ijumaa kutoka kwenye picha ya Jumanne ataamka akiamini ni Jumanne.

Haipavaiza nyingi zina njia ya kumshtua. VMware, Hyper-V na KVM zote zinaweza kuweka wakala mdogo ndani ya mgeni, ambaye kazi yake moja ni kumpa saa ya mwenyeji kila anapoamshwa. Wakala huyo haji mwenyewe kila mahali, na katika usakinishaji wa haraka ndiye anayesahauliwa.

Barua ya kuuliza saa

Njia ya jumla ya kusahihisha saa ni kuuliza nje. Itifaki inayotumika huitwa NTP. Mwanzilishi wake ni David Mills wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1985 na kuitunza kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Delaware hadi uzeeni. Alifariki Januari 2024. Karibu kila simu na seva duniani inatumia NTP au ndugu yake wa karibu.

Ugumu wake ni kwamba jibu la "ni saa ngapi" huwa limezeeka linapofika. Fikiria umempa kondakta wa basi pale Msamvu barua ya kumuuliza mtu wa Dar es Salaam saa. Unaandika saa uliyoituma. Yeye anaandika saa aliyoipokea na saa aliyoituma majibu. Wewe unaandika saa uliyoyapata majibu. Kwa namba hizo nne unaweza kujua safari zote mbili zimechukua muda gani kwa jumla, ukatoa muda ambao barua ilikaa mezani kwake, ukagawa kwa mbili, na ukajua saa yako imetofautiana na yake kiasi gani. NTP hufanya hesabu hiyohiyo kwa maelfu ya sehemu za sekunde.

Kuna dhana moja iliyojificha hapo: kwamba kwenda na kurudi kunachukua muda sawa. Kwenye waya wa faiba ni kweli kwa kiasi cha kuridhisha. Kwenye intaneti ya laini ya simu, ambako kupakia hutofautiana sana na kupakua, si kweli. Swali likienda kwa milisekunde 120 na jibu likarudi kwa milisekunde 40, hesabu itakosea kwa nusu ya tofauti, yaani milisekunde 40, na hakuna hesabu itakayoligundua kosa hilo. Kwa adhana au risiti hilo si kitu. Kwa mitambo miwili ya FM inayotakiwa kurusha sauti moja kwa wakati mmoja, ni kitu kikubwa.

Saa ikigundulika imekosea, kuna njia mbili za kuirekebisha: kuisogeza polepole, au kuirusha mara moja. Wengi wangedhani kuirusha ndiko rahisi. Tatizo ni kwamba programu hazitarajii wakati uruke. Ukiirusha saa mbele dakika 10, programu ya matangazo inaweza kuruka kila kilichopangwa katika dakika hizo. Ukiirudisha nyuma dakika 10, inaweza kurusha tena kilichokwisha kurushwa, na kwenye duka risiti ya pili ikawa na saa ya mapema kuliko ya kwanza. Kwa hiyo makosa madogo hurekebishwa polepole. Kasi ya kawaida kwa programu ya zamani, ntpd, ni sehemu 500 kwa milioni, maana yake kosa la sekunde moja huchukua zaidi ya dakika 33 kwisha.

Na hapa kuna mtego ambao kila mwenye mashine pepe anapaswa kuujua. Programu ya ntpd ikikuta kosa linalozidi sekunde 1,000, yaani dakika 16 na sekunde 40, huona jambo hilo ni la kutisha mno kuamuliwa na mashine, inaandika ujumbe kwenye kumbukumbu zake na kujizima. Huruhusiwa kusahihisha kosa kubwa namna hiyo mara moja tu, inapowashwa. Mgeni aliyelala dakika 20 ameshavuka mpaka huo. Ataamka, msahihishaji wake atatazama, atajizima, na saa itabaki na kosa la dakika 20 hadi mtu alione.

Programu mpya zaidi, chrony, ambayo sasa ndiyo ya kawaida kwenye matoleo mengi ya Linux, haijizimi hivyo, na inaweza kusogeza saa kwa kasi kubwa zaidi. Lakini kwa mpangilio unaokuja nao mara nyingi, huruhusiwa kuirusha saa katika masahihisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwashwa. Baadaye inasogeza. Kwa kasi yake ya juu kabisa, kosa la dakika 10 litachukua kama saa mbili kwisha, na katika saa hizo mbili kila sekunde ya mgeni ni fupi kuliko ya kweli. Kwa mgeni anayetarajiwa kulala na kuamka, mstari wa makestep kwenye faili lake la mpangilio ubadilishwe ili aruhusiwe kuirusha saa wakati wowote. Kwa mgeni anayerusha matangazo, maoni yetu ni mengine: asilazwe kabisa. Azimwe vizuri na kuwashwa upya, au apewe sanduku lake la chuma.

Fahali wawili

Kosa la kawaida kuliko yote hutokana na bidii. Fundi anaweka NTP ndani ya mgeni. Mwingine, au yeye huyohuyo mwezi uliofuata, anawasha ulinganishaji wa saa wa haipavaiza. Sasa mgeni ana wasahihishaji wawili. Mmoja anasema saa iko mbele kwa milisekunde 300 na anaanza kuivuta nyuma. Wa pili anatazama saa ya mwenyeji, ambayo yenyewe haijasahihishwa, na kuisukuma mbele. Kila mmoja anaona mwenzake kama fuwele mbovu. Saa inayumba huku na huku na hakuna anayeshinda. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hapa methali inafaa kama ilivyo.

Achaguliwe mmoja. Ama mwenyeji apate saa sahihi na wageni wote waichukue kwake, ama kila mgeni aulize nje kwa NTP na ulinganishaji wa haipavaiza uzimwe. Kwenye KVM njia ya kwanza imekuwa nzuri sana: mgeni wa Linux anaweza kuisoma saa ya mwenyeji kupitia moduli iitwayo ptp_kvm na kumpa chrony kama chanzo, bila swali lolote kupita kwenye mtandao. Njia hiyo inadai jambo moja, kwamba saa ya mwenyeji yenyewe iwe ya kweli. Kwenye VMware, ajihadhari anayedhani amezima kila kitu. Ulinganishaji wa kila dakika ukizimwa, bado ule wa matukio hubaki, kama kuamshwa, kuhamishwa au kuchukuliwa picha, nao una mipangilio yake tofauti. Mara nyingi huo wa matukio ni wa kuachwa, kwa sababu ndio unaotibu usingizi.

Saa ya kweli inatoka wapi

Kwa mwenye intaneti, kuna mkusanyiko wa hiari wa seva za saa duniani kote, na una majina ya kanda: tz.pool.ntp.org kwa Tanzania na africa.pool.ntp.org kwa bara zima. Weka vyanzo vinne kama inawezekana, na usiishie kwenye viwili. Mwenye chanzo kimoja anaamini tu. Mwenye viwili vinavyopishana hajui aamini kipi. Kwa vitatu unaweza kumtambua mwongo, na cha nne ni akiba ya siku ambayo kimoja hakipatikani.

Redio zina nafasi nyingine, kwa kuwa zina mlingoti, paa na mtu wa kupanda juu yake. Kipokezi cha GPS cha bei ya kawaida hutoa kipigo kimoja kila sekunde, sahihi kwa kiwango kisichohitajika na redio yoyote. Setilaiti za GPS huzunguka kwa umbali wa kilomita 20,200 kutoka ardhini, na kila moja imebeba saa za atomu. Hapa mjini swali linalofuata huwa ni milima. Uluguru iko kusini-mashariki, inapanda hadi zaidi ya mita 2,600, na kwa aliye karibu na miguu yake, kama Bigwa, inafunika sehemu nzuri ya anga la upande huo. Habari njema ni kwamba karibu na ikweta setilaiti hizo hupita pande zote na utosini pia, na kipokezi kilichokwisha kujua kilipo kinaweza kupata saa kutoka setilaiti moja tu. Antena iwekwe pale inapoona upande wa kaskazini na utosini bila kizuizi. Iunganishwe kwenye kompyuta ya kweli, hata ndogo ya ukubwa wa kiganja, au kwa mwenyeji. Kipigo kinachopitishwa hadi kwa mgeni kupitia USB ya kuigiza hufika kimechelewa kwa kiasi kisichotabirika.

Jambo la kujua kwa wenye umeme unaokatika: saa ya ndani ya GPS imetangulia saa ya kimataifa kwa sekunde 18. Kipokezi hutoa tofauti hiyo chenyewe, lakini habari ya ni sekunde ngapi hurudiwa na setilaiti kila baada ya dakika 12 na nusu. Kipokezi kilichopoa kabisa kinaweza kusema uongo wa sekunde kadhaa kwa robo saa ya kwanza.

Sekunde hizo 18 zilitokana na sekunde za nyongeza, zinazowekwa ili saa za atomu zisiachane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho iliingizwa alfajiri ya Januari 1, 2017, kwa saa zetu saa 8 na dakika 59 na sekunde 60 za usiku, sekunde ambayo saa ya ukutani haina. Ile ya Julai 1, 2012 iliangusha seva nyingi za Linux duniani, na ratiba za safari za ndege Australia zilivurugika. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo duniani uliamua utaratibu huo ukome ifikapo 2035.

Kosa la saa 3 kamili

Ukikuta mgeni amekosea kwa saa 3 bila dakika wala sekunde, acha kumlaumu fuwele. Hilo ni kosa la majira. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Mgeni wa Windows hutarajia kwamba saa ya betri anayoonyeshwa na mwenyeji ni ya hapa nyumbani, wakati wa Linux hutarajia ni ya UTC. Mwenyeji akimwonyesha wa Windows saa ya UTC, ataamka nyuma kwa saa 3. Akimwonyesha wa Linux saa ya nyumbani, ataamka mbele kwa saa 3. Mpangilio mmoja kwenye haipavaiza hulimaliza. Kwenye Linux majira yetu huitwa Africa/Dar_es_Salaam. Windows huorodhesha Nairobi, na hakuna ubaya kuichagua kwa kuwa saa ni moja, na hakuna nchi kati ya hizi inayobadilisha saa kwa misimu.

Sisi tuna ugumu mmoja wa ziada ambao mafundi wa Ulaya hawana. Tangazo limelipiwa lirushwe saa 2 kasoro dakika 2 usiku, kabla ya habari. Kwenye kompyuta ya studio limeandikwa 19:58. Kwenye seva ya kukodi, ambayo mara nyingi huja ikiwa kwenye UTC, limeandikwa 16:58. Namba tatu za dakika moja, na zote ni sahihi. Mteja anayeletewa orodha yenye 16:58 ana haki ya kuuliza kwa nini tangazo lake limerushwa jioni watu wakiwa kazini. Ni vizuri seva ziachwe na UTC ndani, na kila karatasi inayotoka kwa mteja ibadilishwe kuwa saa za hapa, na majira yaandikwe juu ya safu.

Kuna swali jingine linalofanana na hili ambalo si la saa kabisa. Mwenye redio ya FM na mwenye simu inayopokea matangazo kwa intaneti wakikaa pamoja, mlio wa kutimia kwa saa husikika kwenye simu ukiwa umechelewa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Saa ya seva inaweza kuwa sahihi kabisa. Sauti imehifadhiwa njiani ili isikatike mtandao ukiyumba. Usiweke saa yako kwa mlio wa simu.

Kwa nini dakika chache zina uzito

Namba za siri zinazobadilika kwenye programu za simu, zile zisizokuja kwa meseji, hutengenezwa kutokana na saa na hudumu sekunde 30. Seva iliyochelewa dakika 2 itazikataa zote, na wafanyakazi watadhani wameibiwa akaunti. Mitandao ya ofisi inayotumia Kerberos kuthibitisha watumiaji hukataa kompyuta iliyopishana kwa zaidi ya dakika 5. Cheti cha usalama cha tovuti kilichotolewa leo kitaonekana batili kwa mashine inayoamini ni jana.

Zito zaidi ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kompyuta mahakamani, na mahakama inapozipima hutazama kama namna zilivyotengenezwa na kutunzwa inaaminika. Mwanafunzi aliyenyimwa alama kwa kuwa mtihani wake uliandikwa umefika dakika 4 baada ya muda, au mgombea anayedai muda wake wa hewani ulikatwa, anaweza kuuliza swali moja tu: saa iliyoandika hivyo ililinganishwa na nini, na lini? Asiye na kumbukumbu za ulinganishaji hana jibu, hata kama saa yake ilikuwa sahihi. Chrony na ntpd zote zinaweza kuandika kumbukumbu hizo kila siku, ikiwa zimeamriwa.

Kwa mwenye mgeni wa Linux, amri ya chronyc tracking huonyesha mara moja tofauti iliyopo na chanzo kinachofuatwa. Kwenye Windows ni w32tm /query /status. Zote mbili husomwa chini ya dakika moja. Jaribio la maana zaidi linahitaji dakika 20 na mgeni asiye na kazi muhimu. Msimamishe, ngoja hadi dakika 17 zipite ili uvuke mpaka wa ntpd, mwamshe, kisha weka saa yake kando ya saa ya simu yako na uandike kila dakika tofauti ni kiasi gani, hadi iishe au uone kwamba haiishi.